Mkono Kwenye Mtungi wa Cheri

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu nilikuwa najua kila kitu. Leo nina kumi na minane, shule niliiacha mapema na yenyewe haijanitafuta, naendesha foklifti kwenye ghala la Seven Hills vizuri kuliko mtu yeyote mwenye leseni hiyo katika jimbo zima, na bado najua kila kitu isipokuwa jambo moja. Hilo moja ndilo ninaloandika hapa. Mwenye haraka akapike chai, atanikuta.

Tulikuwa tunakaa Granville, nyumba ya kupanga, mimi na Mama na Bibi. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bibi Kokugonza, mama yake Mama, alikuja kutoka Bukoba kututembelea kwa miezi mitatu, korona ikafunga mipaka, na miezi mitatu ikawa karibu miaka miwili. Alikuwa na begi moja na kanga sita. Aliniita "mume wangu" kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, na mimi nilimwita "mke wangu", hasa vyombo vilipokuwa vichafu na nikataka aone vinamhusu.

Ng'ambo ya ua wa mbao aliishi Mzee Petro. Alikuja kutoka Ukraine na mkewe Hanna akiwa mtu mzima tayari, akafanya kazi kiwanda cha matairi mpaka viganja vyake vikawa kama matairi. Hanna alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya haya. Nakumbuka alipokufa, Mzee Petro aliweka dirishani glasi ndogo ya horilka, ile pombe yao kali nyeupe kama maji, akaifunika kwa kipande cha mkate mweusi. Ilikaa siku arobaini. Mimi mjanja nilimwuliza nani atakayeinywa. Akasema, "Yeye. Anakuja pole pole, usimtazame." Nilicheka wiki nzima. Usiku nilikuwa sipiti upande ule wa dirisha, lakini mchana nilicheka.

Halafu ukaja mwaka wa lokdauni ile ya pili, ya baridi. Sisi wa magharibi ya jiji tulifungwa kuliko wengine. Helikopta inazunguka juu ya paa, askari jeshi wanagonga mlango kuuliza kama mpo ndani, na jioni kwenye taarifa ya habari tunaonyeshwa watu wa upande wa bahari wamelala ufukweni wanaota jua. Mama aliondoka kwenda kazini na barakoa mbili, akarudi na alama za barakoa mbili. Shule ilikuwa kwenye kompyuta, yaani haikuwepo.

Ndipo Mzee Petro akabuni baa yake. Aliweka meza upande wake wa ua, Bibi akaweka kiti upande wetu, na kati yao nikawa mimi, mkalimani, kwa sababu Bibi hakujua Kiingereza na Kiingereza cha Mzee Petro kilikuwa na matobo. Glasi zilipitishwa juu ya ua kwenye beleshi. Mzee Petro aliliosha beleshi hilo kwa horilka kwanza, akasema korona haipandi hapo.

Nawaomba mkumbuke kwamba Mama ni mlokole. Nyumbani kwetu hata siki aliinusa mara mbili kabla ya kuitia kwenye kachumbari. Baa ilifunguliwa akishaondoka tu.

"Mwambie hii ni vyshnivka," Mzee Petro alisema siku ya kwanza, beleshi limenyooka kama mkono wa mfalme. "Ya cheri. Ya akina mama na mapadri."

Nikatafsiri: pombe ya cheri, vile vitunda vyekundu. Bibi akaonja, akafumba macho, akameza.

"Mwambie ni tamu," akasema. "Halafu mwulize ya wazee iko wapi."

Mzee Petro alicheka mpaka barakoa ikamtoka. Akaingia ndani akaleta pertsivka, horilka iliyolala na pilipili nyekundu na asali. Bibi akainywa yote kwa mkupuo mmoja, machozi yakamtoka, akajipiga kifuani.

"Sasa hii ina akili."

"Pani Koku!" Mzee Petro akapaza sauti. Pani kwao ni kama kusema bibie. "Budmo!"

Budmo, alinieleza, maana yake "na tuwepo". Mmoja anasema budmo, wote wanajibu hei, mara tatu, na ya tatu ndefu. Bibi alijifunza hilo kwa dakika moja. Mimi Mama alinihangaikia miezi sita nijue Zaburi moja.

Walikuwa na mengi ya kulinganisha. Mzee Petro alipoteremsha chupa tupu chini ya meza, kwa sababu kwao chupa tupu ikikaa mezani inaita nyumba tupu, Bibi alitikisa kichwa kama aliyesikia jina la ndugu yake. Yeye ameolewa na kuzeeka kwenye rubisi, pombe ya ndizi, anajua kuikamua na kuitia mtama na kuilaza kwenye mtumbwi wake wa mti chini ya majani ya migomba. Kwao pia pombe ina adabu zake. Watu wawili wasiojuana lugha walikubaliana juu ya pombe kuliko maaskofu wanavyokubaliana juu ya Mungu. Nilisema hivyo mbele ya Mama mara moja. Sikurudia.

Basi, mtungi.

Dirishani kwake, pale lilipopiga jua la mchana, Mzee Petro alikuwa na mtungi mkubwa wa kioo wenye cheri alizozigandisha tangu Krismasi, na sukari, na maji. Mdomoni mwa mtungi alivalisha glovu ya mpira, zile za hospitali, akaifunga kwa kamba. Pombe ikichacha inatoa hewa, hewa inajaza glovu, na glovu inasimama: mkono mweupe, vidole vitano, unakupungia. Asubuhi ya baridi mkono ulikuwa umelala. Saa sita ulikuwa umesimama wima kama askari wa barabarani. Mara ya kwanza nilipouona nilikimbia, sitaficha. Mara ya pili niliupungia.

"Huyo ni mimi," Mzee Petro aliniambia.

Akaeleza, na hakuwa anacheka sana. Nyumbani kwao, tangu kwa baba yake, mtungi wa kwanza wa mwaka ulipewa jina la mtu wa nyumba. Mkono ukisimama mpaka cheri zote zizame chini zenyewe, mtu huyo anauona mwaka mwingine. Mtungi wa Hanna ulilala siku ya tatu. Alibadilisha glovu, akausogeza kwenye jua, haukuamka. Kabla ya Pasaka yao Hanna akaenda.

"Mwaka huu nyumbani kuna mtu mmoja tu," akasema. "Kwa hiyo kuchagua ilikuwa rahisi, kozak." Aliniita hivyo, kozak, mpiganaji wa farasi wa kwao. Mimi ambaye sijawahi hata kupanda punda.

Akachukua sindano, akatoboa ncha ya kidole kimoja cha ile glovu. Kitobo hata hukioni. Bibi, aliyekuwa anachungulia juu ya ua kutoka kwenye kiti chake, alikiona.

"Vizuri," akasema. "Mwambie amefanya vizuri. Pombe inayochacha inapumua. Ukiiziba, inakwenda kuitafuta pumzi kwa aliyeipika."

Mjomba wake, Bibi akasimulia, aliziba. Aliufunika mtumbwi wa pombe kwa majani kama kawaida, halafu akakandika udongo pembeni kote, mashemeji wasisikie harufu wakaja kuimaliza. Kabla pombe haijaiva kifua kilimfunga. Alikufa amekaa, mdomo wazi, katikati ya mchana, watu wanamtazama.

Nilitafsiri neno kwa neno. Mzee Petro alisikiliza, akajigusa kifua kwa kiganja.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Kwa hiyo nilijua. Hilo nataka liandikwe vizuri. Ni mimi niliyelitamka kwa lugha mbili.

Wiki mbili baadaye Mzee Petro alianza kukohoa. Alijitibu mwenyewe: pertsivka glasi mbili na nyingine ya kujisugua kifuani, soksi za sufi, kulala. Kwao mafua yanatolewa hivyo. Siku ya nne hakuweza kunyanyua beleshi. Mama alimtazama juu ya ua mara moja tu, macho ya kazi, akapiga simu.

Kabla gari la wagonjwa halijafika Mzee Petro alitoka na mtungi ameuzungushia blanketi. Aliuweka kwenye toroli, akausukuma mpaka kwenye ua wa mbao, akarudi nyuma hatua nne akashika ukuta. Alikuwa anahema kama amepanda mlima.

"Kozak, mtungi ukae juani. Unisimamie. Mpaka cheri zizame."

"Zitazama," nikasema. "Mimi sijawahi kushindwa kitu."

"Budmo," akasema.

"Hei," nikajibu. Mara moja tu. Tulikuwa hatuna pumzi ya tatu.

Bibi aliupokea mtungi kama mtoto mchanga, akauweka dirishani chumbani kwake karibu na kitanda. Kwa Mama tulisema ni dawa ya mzee. Mama aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, akasema, "Dawa inanipungia," akaenda kulala. Alikuwa amechoka hata kukemea.

Siku ya kwanza Mzee Petro alipiga simu yenye picha. Muuguzi alimshikia. Nikamwonyesha mkono, umesimama, akacheka, akainua wake vilevile, vidole vitano.

Kesho yake mkono ulianza kulegea.

Leo najua. Nimesoma, nimeuliza, hata nimetazama video za wazee wa kwao wakitengeneza. Sukari inaisha, hewa inapungua, glovu inalala, pombe imeiva. Cheri zingezama wiki ile ile. Hakuna kilichoharibika. Ningetulia tu. Lakini mimi niliona vidole vinainama kimoja kimoja kuelekea chini, na niliona dirisha la Hanna.

Kwanza nilitia sukari. Nusu pakiti, Bibi akiwa anaoga. Mkono ukaamka siku moja, ukalala tena. Niliuhamisha kwenye kila mraba wa jua uliokuwamo nyumbani. Nikauzungushia jaketi langu. Halafu Mzee Petro akapiga simu ya pili, na safari hii amevaa barakoa ya hewa, na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya ndoo.

"Umesimama?"

Glovu ilikuwa imelala shingoni mwa mtungi kama soksi.

"Umesimama," nikasema. "Kamera yangu mbovu leo."

"Kesho unionyeshe."

Nikakata simu. Nilikaa kitandani kwa Bibi nikafikiri, na kwa kweli nilifikiri, msidhani sikufikiri. Kulikuwa na mambo mawili ya wakubwa na nililazimika kuchagua moja. Mkono ukilala, anakufa. Kitobo kikizibwa, anakosa pumzi. La kwanza lilikuwa linatokea mbele ya macho yangu. La pili lilikuwa hadithi ya mjomba wa mtu kule Kagera.

Nikachukua plasta ya kidonda kwenye kabati la Mama, nikakata kipande kidogo, nikakibandika kwenye ncha ya kidole. Nikaongeza sukari.

Kufika saa nane mkono ulikuwa umesimama kuliko ulivyowahi. Mnene, umekakamaa, vidole vimetanuka. Nilimtumia Mzee Petro picha, kidole chenye plasta nimekigeuzia ukutani. Wenzangu wa darasani niliwaonyesha kwenye kompyuta nikawaambia kuna mzee hospitalini haendi popote mpaka mimi niseme. Mwalimu akaniambia nizime kamera. Nikamwambia huu ni udaktari.

Simu ya tatu Mzee Petro hakuongea. Muuguzi ndiye aliyesema, anafurahi sana kuona glovu yako. Nikaisogeza kamera karibu. Yeye akanyanyua mkono wake kutoka kwenye shuka, ukafika nusu, ukasimama hapo kidogo. Nilipaza sauti, "Budmo!" Kifua chake kilipanda na kushuka haraka haraka, kama mtu anayetaka kujibu na neno halipati pa kupita.

Sikuibandua plasta. Nilifikiria kuibandua jioni hiyo. Niliishika mpaka pembe yake. Nikaona mkono utalala na yeye ataniomba picha.

Siku ya tisa tangu niibandike, saa saba mchana, jua likiwa limepiga dirisha lote, tulikuwa jikoni na Bibi tunakula ndizi za nyama. Tukasikia mlio kama tairi. Tulikuta glovu imepasuka vipande vipande, kimoja kimenasa kwenye pazia. Povu jekundu lilikuwa linamiminika mdomoni mwa mtungi, limeruka ukutani, limefika kwenye mto wa Bibi. Harufu tamu, nzito, ya kuvunda kidogo.

Bibi aliinama. Aliokota sakafuni kidole cha glovu. Kilikuwa kizima bado, na plasta yangu nchani. Akakileta karibu na jicho.

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

Alikaa pembeni mwa kitanda, kwenye ule utelezi mwekundu, bila kutandika chochote.

"Mume wangu," akasema. "Mume wangu. Mume wangu."

Nilimwambia nitapata glovu nyingine, Mama anazo boksi zima, tutaitoboa vizuri, mkono utasimama tena jioni. Niliongea sana. Nikakimbia kuchukua glovu, nikaivalisha mtungi kwa mikono inayoteleza, nikafunga kamba, nikatoboa. Tukaitazama. Haikusogea.

Saa tisa mtoto wa Mzee Petro alimpigia Mama simu kutoka Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, ambako mpaka wa jimbo ulikuwa umefungwa na asingeweza kuja hata kumzika baba yake. Mama alisikiliza amesimama mlangoni, mkono mmoja shingoni. Akasema pole mara nyingi. Akatugeukia akasema Mzee Petro amefariki leo saa kumi na mbili asubuhi.

Saa kumi na mbili asubuhi.

Mtajua sasa kwa nini nimekaa nalo miaka mitano. Laiti angekufa saa saba, glovu ilipopasuka, ningelia nikaacha: mkono umeanguka, mzee ameanguka, imani yake ilikuwa kweli na hakuna ambalo ningeweza kulifanya. Lakini saa kumi na mbili mkono ulikuwa umesimama. Niliuona mwenyewe nilipoamka, mnene, unapunga dirishani. Yeye alikuwa amekwisha kufa, na ule mkono uliendelea kunipungia saa saba nzima. Kwa hiyo yale mambo mawili niliyochagua kati yake, lile nililoliamini lilikuwa uongo. Lililobaki ni la Bibi, na la Bibi hakuna kitu kilichowahi kuja kulikanusha.

Bibi alichota kilichobaki mtungini, akakijaza kwenye glasi ndogo. Hatukuwa na mkate mweusi. Akaweka kipande cha mkate wa sandwichi juu yake, akaiweka kwenye nguzo ya ua upande wa Mzee Petro. Hatukugonga glasi, kwa marehemu haigongwi. Mama aliona, mlokole wetu, akageuza uso. Siku ya pili ndege alichukua mkate. Ya tano mvua ikajaza glasi ikafurika. Siku arobaini zilipotimia ilikuwa na maji meupe na sisimizi.

Mipaka ilipofunguliwa Bibi akarudi Bukoba. Uwanja wa ndege nilibeba begi lake, nikamwuliza nililokuwa sijauliza tangu siku ile.

"Bibi, ni mimi?"

Hakuniita mume wake. Alinishika uso wote kwa mikono miwili, barakoa yangu ikapanda machoni.

"Sijui, Mujuni," akasema. "Laiti ningejua nikuongopee."

Alifariki mwaka uliofuata, hajanijibu zaidi ya hapo. Watu wazima wawili watatu niliowaambia wamenieleza kuhusu virusi na mapafu na umri wake. Naelewa. Mimi si mjinga, nimesema mwanzoni. Mama anahudumia wazee, ameona wengi waliokufa hivyo bila mtungi wowote dirishani. Ninajua yote hayo mchana, na kwa Mama ndipo nilipoyajua. Ila kuna kifua kilichotaka kujibu hei, na pembe ya plasta ilikuwa kati ya vidole vyangu, na niliiacha.

Kazini natafutwa kwa utani, na mimi ndiye ninayeanza. Ijumaa wenzangu wakifungua bia kwenye maegesho, chupa tupu naiteremsha chini, wanasema nina maajabu. Nikijikata kwenye mbao za mizigo, na tunajikata kila wiki, msimamizi ananiletea boksi la plasta, nalikataa. Wanasema huyu anajifanya dume. Nawaacha waseme. Nakinyoosha kidole mbali na shati, nakiacha kivuje mpaka kinyamaze chenyewe.